Je, Kumwacha Mtoto Bila Dawa Ni Kutawakali?

Baadhi ya ndugu zetu, mtoto apatapo tetekuwanga, husema: “Mwacheni, haya ni maradhi ya watoto, dawa itayarudisha ndani.” Wengine humwona mzazi asiyenunua dawa kuwa amemdhulumu mwanawe. Twaona pande zote mbili zimehukumu kabla ya kutazama.

Imam Ghazali, katika Ihya, amezigawa sababu za kuondoa madhara mafungu matatu: ya yakini, kama maji kwa mwenye kiu, ya dhana, kama dawa za matabibu, na ya kuwaza tu, kama kuchomwa kwa chuma cha moto. Kuiacha ya yakini panapochelewa mauti si kutawakali, bali ni haramu. Ama ya dhana, kuitumia hakuvunji tawakkul, wala kuiacha hakukukatazwa.

Basi asaikloviri, dawa ya tetekuwanga, ni ya fungu gani? Mwaka 1991 madaktari wa Marekani walitangaza uchunguzi wa watoto 815 wenye afya, wa miaka 2 hadi 12. Waliopewa dawa hiyo katika saa 24 za kwanza za upele walitokwa na vipele vichache zaidi, na homa yao ilishuka mapema kwa kadiri ya siku moja. Kinga iliyobaki damuni mwao haikuwa duni kuliko ya wenzao. Kwani dawa huzuia virusi kuzaana, na mwili ndio unaovimaliza. Ni kweli kuwa virusi hubaki vimelala katika mishipa ya fahamu, na huweza kuzuka ukubwani kuwa mkanda wa jeshi. Lakini hayo huwapata hata wasioonja dawa.

Kwa mtoto mwenye afya, basi, mzazi akiiacha hana lawama. Lakini yuko mwenye saratani ya damu, au atumiaye dawa zinazodhoofisha kinga, au mchanga ambaye mamake aliugua siku chache kabla au baada ya kumzaa. Huyo maradhi huweza kumshuka mapafuni yakamuua. Kwake dawa yakaribia kuwa maji kwa mwenye kiu, na amwachaye akasema “natawakali” ametawakali kwa roho isiyo yake. Mtu mzima huenda akachagua kuuvumilia ugonjwa wake. Mtoto hakuchagua, naye ni amana.

Kuwatenga watoto hao wawili si kazi ya kukisia. Yapasa kumwuliza tabibu siku ile ile upele utokapo, kwani dawa ikichelewa nafuu yake hupungua. Wala asipewe aspirini, kwa kuwa huweza kumdhuru ini na ubongo.