Akiba Haiozi?

Wahenga walituachia msemo kwamba akiba haiozi. Niliufundisha msemo huo darasani kwa miaka mingi, nikawaandikisha wanafunzi insha juu yake, na wale waliothubutu kuupinga niliwapa alama ndogo. Leo, nikiwa nimevuka miaka sabini, nataka kuwaomba radhi wanafunzi hao. Akiba huoza. Nimeiona kwa macho yangu na kuinusa kwa pua yangu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Tulipojenga nyumba hii, mimi na mke wangu tulikusudia chumba cha tatu kiwe cha wageni. Hakikupata kuwa cha wageni hata siku moja. Kiligeuka stoo ya vifaa vya kambi. Siku nilipoamua kuvihesabu kwa kalamu na daftari, nilipata mahema saba, mifuko ya kulalia tisa, majiko matano, karabai tatu, tochi kumi na nne ambazo tatu tu ndizo zilizowaka, mashoka manne, mafungu ya kamba nisiyoweza kuyahesabu, na dira sita, ilhali mimi mwenyewe siku hizi nina njia moja tu, ya kwenda shambani na kurudi. Wajukuu walipokuja kwa Krismasi walilala sebuleni juu ya mkeka. Mke wangu hakugomba. Alisema tu: "Baba Neema, vitu vya kulalia porini vina chumba, watoto wa nyumbani hawana."

Naomba msomaji asidhani kwamba nilikuwa mtu wa anasa. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichoingia bila sababu, na hapo ndipo lilipo fumbo lenyewe. Kila kimoja kilikuwa na sababu nzuri; vyote kwa pamoja havikuwa na sababu yoyote.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nilianza shule ya sekondari, nikaishia kuwa mkuu wa chuo cha ualimu huku kaskazini, na wakati wote huo niliamini kwamba mwalimu asiyepata kulala juu ya ardhi hawezi kuifundisha ardhi. Kila mwaka niliwatoa wanafunzi nje: milima ya Usambara, Bonde la Ufa, mwambao wa Ziwa Natron. Miaka ya mwanzo hatukuwa na hema hata moja. Tuliomba madarasa ya shule za msingi, tukaunganisha madawati, tukalala. Tulipikia mafiga matatu. Katika Jeshi la Kujenga Taifa nilikuwa nimejifunza kwamba mtu aweza kuishi miezi kadhaa akiwa na mestini, kijiko na blanketi, nami niliwafundisha vijana vivyo hivyo. Zile ndizo safari ambazo wanafunzi wangu wa zamani, sasa wenye mvi kama mimi, hunikumbusha kila tunapoonana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunikumbusha safari tuliyokwenda na mahema saba.

Basi ulimbikizaji ulitoka wapi? Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na jibu langu ni kwamba kizazi changu kilifundishwa na uhaba, na uhaba ni mwalimu mkali ambaye somo lake halisahauliki hata linapokwisha kuwa na kazi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 tuliishi miaka ya foleni. Sabuni, sukari, mafuta na kitambaa vilikuwa habari za kunong'onezana. Ukiona foleni ulijipanga kwanza, kisha ndipo ukauliza kinachouzwa. Mwaka 1983 ilipokuja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, watu walitupa bidhaa usiku porini na mitoni wasikamatwe nazo. Tuliwalaani walanguzi, na tulikuwa na haki ya kuwalaani. Lakini ni wangapi kati yetu tuliowalaani mchana huku chini ya kitanda tuna miche ya sabuni ya miezi sita? Mlanguzi alificha ili auze ghali. Sisi tulificha ili tusikose. Nia zilikuwa mbalimbali, lakini matokeo yalifanana: kitu kilitoka kwa yule anayekihitaji leo, kikaenda kumngoja yule anayeiogopa kesho.

Kuanzia 1984 biashara ililegezwa, bidhaa zikarudi madukani na mitumba ikamwagika sokoni. Uhaba uliondoka madukani. Mioyoni mwetu ulibaki. Mkono uliozoea kukamata kila kinachopita haukujua kwamba sasa vitapita kila siku.

Nami nilikuwa nikiishi mahali pa hatari kwa mtu wa tabia hiyo. Chini ya Kilimanjaro vifaa vya kambi havikosekani. Wageni hupanda hadi Uhuru, mita 5,895, na wakishuka wengi huwaachia wapagazi makoti, viatu na mifuko ya kulalia. Mpagazi hushukuru, huenda nacho nyumbani, na ada ya shule inapomkaba hukiuza. Hapo ndipo nilipokuwa nikisubiri mimi, mwalimu mwenye mshahara, nikinunua kwa bei ya huruma na kujisifu kwamba nina jicho la kutambua mali. Mfuko mmoja wa manyoya ya bata niliununua 1998 kwa bei ambayo naona haya kuiandika. Nikaukunja, nikauweka juu ya kabati, nikasema: huu ni wa siku ya kazi.

Siku hiyo ilikuja 2017, nami sikuitambua. Alikuja kijana mmoja niliyekuwa nimemfundisha mwishoni mwa utumishi wangu. Alikuwa na cheti cha ualimu lakini ajira hakuwa nayo, kama wenzake wengi wa miaka hiyo. Alikuwa amepata nafasi ya upagazi, safari ya siku sita, mara yake ya kwanza. "Shikamoo Mwalimu," alisema. "Nimekuja kukuazima mfuko wa kulalia. Nasikia kule juu si mchezo." Nilimwambia aketi, nikaingia stoo. Nilisimama mbele ya mifuko tisa. Mkono ulikwenda kwenye ule wa manyoya, kisha ukarudi. Nilijiambia kwamba atauchafua. Kwamba huenda mwenyewe nikauhitaji. Kwamba kijana ana damu ya moto. Nikamtolea mkongwe kuliko yote, wenye zipu iliyokufa katikati.

Alirudi baada ya wiki moja, midomo imepasuka kwa baridi. Mfuko aliuleta umefuliwa na kukunjwa vizuri, na pale zipu ilipokuwa imekufa alikuwa amepashona kwa mkono, kwa uzi mweusi, mishono midogomidogo iliyonyooka. Sikumuuliza alilalaje. Baadaye sana, kutoka kwa mtu mwingine, nilisikia kwamba usiku wa Kibo alikesha ameketi, amejibana na mwenzake. Mpagazi hubeba mizigo ya wengine, hata kilo ishirini, na mara nyingi ya kwake mwenyewe ndiyo iliyo duni kuliko yote. Hilo nililijua tangu zamani. Nilikuwa nikilifundisha.

Nilipokwenda kuurudisha mfuko ule mahali pake, niliushusha ule wa manyoya ili niutazame. Panya walikuwa wamezaa ndani yake. Manyoya yaliyobaki yalikuwa yameganda mabonge na kunuka ukungu. Kwa hiyo mfuko huo nilikuwa nimemnyima kijana, na kumbe mimi mwenyewe sikuwa nao. Nilikuwa na wazo la kuwa nao.

Hapa ndipo ninapotaka tulizingatie swali. Je, ni kosa kuwa na kitu usichokitumia, iwapo ulikinunua kwa haki? Sheria inasema si kosa, na sipingi. Aliyeniuzia alipata fedha na mtoto wake alirudi shule. Huenda nisingenunua angeteseka zaidi. Lakini hoja hii inanitetea siku ya kununua tu. Hainitetei miaka kumi na tisa iliyofuata. Mfuko wa kulalia una kazi moja duniani, kumtia mtu joto. Kwa miaka hiyo yote ulikuwa mwendo wa saa chache kutoka mlima ambao kila usiku kuna watu wanaotetemeka, na kilichouzuia usifanye kazi yake ni mlango wangu. Sikuiba. Lakini kati ya kuiba na kutenda haki kuna uwanja mpana, nami nilikuwa nimejenga stoo katikati yake.

Kuna watakaosema: mwalimu sasa anataka tuwe fukara. La. Umaskini si fadhila, na anayeusifia aghalabu ni yule ambaye hajalala nao. Mwaka mmoja karibu na Ol Doinyo Lengai tuliongozwa na kijana wa Kimasai mwenye shuka, fimbo na sime. Mwanachuo mmoja akaandika katika ripoti yake kwamba watu hawa hawahitaji vitu. Nilimpunguzia alama, kwa sababu jioni iliyotangulia kijana yule alikuwa ameniomba tochi. Alihitaji tochi sana. Alikuwa na ndama wa kulinda usiku. Nilimjibu kwamba ninayo moja tu. Nilikuwa nazo tatu.

Wengine watanikumbusha skauti, maana nilikuwa kiongozi wao pia, na wajibu wa skauti ni kuwa tayari. Nilijificha nyuma ya maneno hayo kwa miaka. Lakini Baden-Powell, aliyefariki 1941 na kuzikwa Nyeri, alipoueleza wajibu huo aliutaja utayari wa akili na utayari wa mwili. Stoo hakuitaja. Kaburi lake lina alama ya skauti ya njiani, duara lenye nukta katikati, maana yake nimekwenda nyumbani. Alama hiyo huchorwa kwa ncha ya kijiti mchangani. Utayari ni wa mkono unaojua kufunga fundo, siyo wa kamba kumi zilizolala gizani. Naweza hata kusema kwamba kadiri kamba zilivyoongezeka, ndivyo nilivyoacha kwenda nje. Kupanga vifaa kulichukua nafasi ya safari, kama vile kwa walimu wengine kununua vitabu huchukua nafasi ya kusoma.

Bado nilikuwa na utetezi mmoja: siku ya maafa. Nao uliangushwa Desemba 2023. Tarehe 3 ya mwezi huo matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang, yakafukia nyumba za Katesh na vijiji vya jirani. Watu wengi walikufa na wengi zaidi walibaki bila makao. Mtaani kwetu tulianza kukusanya michango. Nilifurahi, naungama, kwa namna isiyofaa. Nilijiambia: sasa wataona kwa nini nilitunza. Nikayatoa mahema yote saba uani.

Matano hayakufunguka. Ndani ya kitambaa cha hema hupakwa utando wa plastiki wa kuzuia mvua, nao ukikaa miaka mahali pa joto na unyevu huvunjika taratibu. Yalikuwa yamejigandisha mikunjo kwa mikunjo, yananata kama ulimbo, yananuka kama matapishi. Mke wangu alinitazama nikivuta kitambaa kinachochanika, akaingia ndani, akatoka na blanketi nne kutoka vitanda vyetu wenyewe. Zilikuwa nzima, safi, zina harufu ya jua. Zilikuwa nzima kwa sababu kila wiki zilifuliwa, zikaanikwa, zikafunika mtu. Tulichopeleka Hanang ni blanketi hizo na mahema mawili, yale ambayo vijana wa skauti walikuwa wameyaazima mara kwa mara na ambayo kila mara niliwagombeza kwa kuyachakaza.

Nadhani hapo msemo wa wahenga unapata maana yake ya kweli, na huenda wao waliijua siku zote. Mkulima aliyewekea mahindi ghalani hakuyasahau humo. Aliyakagua, akayaanika, akala, akamkopesha jirani, akapanda mengine, na mavuno mapya yakaja juu ya ya zamani. Akiba yake haikuoza kwa sababu haikutulia. Inayooza ni ile tuliyoiondoa katika mzunguko wa watu, kisha tukaiita akiba ili tusiseme hofu.

Chumba cha tatu sasa kina vitanda viwili. Vilivyofaa niliwagawia skauti na wapagazi, na vingi zaidi nilivizika shimoni, maana havikumfaa mtu tena. Yule kijana nilimtafuta. Hatimaye alipata ajira, anafundisha mbali. Nilimwomba radhi kwa simu, akacheka, akasema, "Mwalimu, yale yamepita, na usiku ule sasa ni hadithi nzuri." Sijui kama alisema hivyo kwa kuwa ni kweli au kwa adabu tuliyomfundisha.

Nimebakiza jiko moja na ule mfuko wenye zipu iliyoshonwa kwa uzi mweusi. Mwezi uliopita nililala ndani yake na mjukuu wangu, nje, chini ya mwembe. Baridi iliingia pale pale ambapo mishono inakoma.

Nawe msomaji, kama una chumba ambacho hukifungui, nakuomba kesho ukifungue.