Farasi Watatu wa Dickens

Msichana namba 20 ni Sissy Jupe. Amekulia katika sarakasi, baba yake ni mtu wa farasi, na jioni binti humnunulia baba mafuta ya kuchua michubuko aliyoipata ulingoni. Akiwa bado mgeni darasani, anaulizwa na Bwana Gradgrind mwenye shule swali ambalo hakuna mtoto wa mji wao wa Coketown anayelimudu kuliko yeye: farasi ni nini? Sissy anababaika, neno halimtoki. Swali linamwendea mvulana aitwaye Bitzer, naye analijibu kwa mkupuo: mnyama wa miguu minne, mla majani, meno 40, yaani magego 24, chonge 4 na meno ya mbele 12; kisha kwato, kisha namna ya kutambua umri kwa kutazama kinywa. Gradgrind anamgeukia Sissy na kumtangazia kwamba sasa anajua farasi ni nini.

Riwaya ni Hard Times, ambayo Charles Dickens aliitoa sehemu kwa sehemu mwaka 1854 katika jarida lake la Household Words. Wengi huikumbuka sura hii kama shambulio dhidi ya kukariri, wakaishia hapo. Inastahili kusomwa polepole zaidi, kwa sababu jibu la Bitzer si la uongo. Daktari wa mifugo angelikubali, kwa sharti moja: meno 40 ni hesabu ya farasi dume. Jike kwa kawaida haoti chonge, na wengi wana meno 36. Jibu lililopata sifa zote limewaacha nje karibu nusu ya farasi wa dunia, jambo ambalo mtu anayewatia lijamu kila asubuhi hawezi kukosa kuliona.

Hata hesabu ingekuwa kamili, bado kuna kitu Sissy anacho na Bitzer hana. Kitu hicho ni nini hasa?

Miaka kama 15 kabla yake, Dickens alikuwa amekwisha kuliuliza swali hilohilo la farasi. Katika Nicholas Nickleby, riwaya ya 1838 na 1839, Wackford Squeers, mwenye shule ya bweni huko Yorkshire, anamuuliza mvulana farasi ni nini. Mnyama, anajibu mvulana. Squeers anaridhika, anaongeza maneno ya kujifanya msomi wa Kilatini, kisha anamtuma mtoto akamsugue farasi wake, la sivyo atasuguliwa yeye. Mwenzake yuko nyuma ya nyumba anasafisha dirisha, maana somo lake la tahajia lilikuwa neno dirisha, nalo lenyewe limeandikwa vibaya. Kwa Squeers, haya ndiyo mafunzo ya vitendo. Dickens hakuzibuni shule hizi kutoka hewani. Mwanzoni mwa 1838 alisafiri hadi Yorkshire na mchoraji wake, Hablot Browne, kuziona shule za bei nafuu ambako watoto wasiotakiwa nyumbani walipelekwa na kuachwa huko bila likizo.

Hapo ndipo waandishi wa miongozo ya kufundishia, ambao lawama ya kukariri huwaangukia, wanapostahili kutetewa. Squeers hakuwa na mwongozo wala mkaguzi. Serikali ya Uingereza ilitoa ruzuku yake ya kwanza ya ujenzi wa shule mwaka 1833, pauni 20,000, na kuteua wakaguzi wa kwanza mwaka 1839, lakini hawa walikagua shule zilizopokea fedha hizo. Shule ya mtu binafsi kama ya Squeers ilikuwa nje ya mkono wao. Mwongozo, kwa asili yake, ni ahadi kwa mtoto asiye na mtetezi kwamba mtu aliye mbali ameuliza anafundishwa nini.

Ubaya ni kwamba mtu aliye mbali haoni isipokuwa kinachohesabika. Mwaka 1862, miaka minane baada ya Hard Times, Robert Lowe, aliyesimamia elimu serikalini, alipitisha kanuni za kulipa shule kwa matokeo. Shule ilipata shilingi 4 kwa kila mtoto kwa wastani wa mahudhurio, na shilingi 8 zaidi kwa kila mtoto aliyehudhuria vya kutosha na kufaulu mbele ya mkaguzi. Akishindwa kusoma, zilikatwa shilingi 2 na peni 8. Akishindwa kuandika, hivyohivyo. Akishindwa hesabu, hivyohivyo. Homa ya mtoto mmoja siku ya ukaguzi iligusa mfuko wa mwalimu wake. Mshairi Matthew Arnold, aliyekuwa mkaguzi wa shule tangu 1851 hadi 1886, alionya katika ripoti zake kwamba watoto waliweza kuandaliwa wakafaulu mtihani wa kusoma bila kujua kusoma. Walikikariri kitabu cha mtihani. Dickens alikuwa amemwona Bitzer kabla serikali haijaanza kumlipia.

Mwalimu wa leo wa Dodoma au Nakuru hafanyi kazi chini ya kanuni za Lowe. Lakini akikaa usiku kuandika andalio la somo, sentensi inayomngoja anaijua kwa moyo: hadi kufikia mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze. Baada ya hapo panatakiwa kitenzi, na chuoni alifundishwa kwamba kitenzi hicho kipimike. Kutaja, kueleza, kuorodhesha, kubainisha. Kujua na kuelewa alitahadharishwa navyo, maana hakuna awezaye kuviona kwa macho. Mmarekani Robert Mager aliuweka ushauri huo wazi katika kitabu chake cha 1962 kuhusu kuandika malengo ya somo: vitenzi vinavyoonekana upande mmoja, vyenye tafsiri nyingi upande mwingine. Kujua, kuelewa na kufurahia viliangukia upande wa pili.

Ushauri huo una busara. Mwenye wanafunzi 80 darasani hawezi kuingia vifuani mwao. Lazima aombe kitu cha kutazama. Lakini kwa mizani hiyo Bitzer ametimiza lengo la kipindi, na Sissy hajalitimiza.

Kiswahili kinasaidia hapa. Kitenzi kujua hupokea kiambishi -ana, na kikishakipokea, jambo zima linageuka. Mtu anaweza kujua tarehe ya vita. Hawezi kujuana nayo. Kujuana kunataka upande wa pili nao ujue. Bitzer anajua farasi, lakini hakuna farasi anayemjua Bitzer. Watoto wa Squeers wanamshika farasi kwa mikono yao, ila kwa kutumwa na kwa hofu. Sissy na farasi wanajuana. Ujuzi wake hautoki kwa mkupuo kwa sababu haukuingia kwa maneno. Uliingia kwa miaka ya kulala na kuamka karibu na wanyama hao.

Wala haukomei zizini. Mwalimu M'Choakumchild anamweleza Sissy habari za mji wa watu milioni moja ambamo 25 tu hufa njaa barabarani kwa mwaka, na kumtaka atoe maoni. Sissy anajibu kwamba kwa wale waliokufa machungu ni yaleyale, wawe wengine milioni au milioni ya milioni. Anaambiwa amekosea. Amewafikiria wale 25 kama watu ambao angeweza kukutana nao.

Asigeuzwe malaika, hata hivyo. Daktari wa mifugo asiyejua meno atamdhuru farasi anayempenda, na takwimu za njaa zimeokoa watu ambao huruma peke yake isingewafikia. Walioandika miongozo walijifunza kitu pia. Malipo kwa matokeo yaliachwa katika miaka ya 1890, na mwaka 1905 Bodi ya Elimu ya Uingereza ilitoa kitabu cha mapendekezo kilichowaambia walimu kwamba usawa pekee unaotakiwa ni kila mmoja wao kufikiri mwenyewe.

Farasi wa tatu anatokea mwishoni mwa Hard Times, usiku. Tom, mwana wa Gradgrind, ameiba benki na kujificha katika sarakasi ya Sleary, ile aliyokulia Sissy. Bitzer, sasa mtumishi wa benki hiyo, amekuja kumkamata, na anautaka wadhifa wa Tom. Gradgrind anamsihi, anamuuliza kama ana moyo. Bitzer anamweleza mzunguko wa damu. Anakumbushwa shule aliyosomeshwa. Anajibu kwamba ililipiwa, na mapatano yakaisha siku alipoondoka. Kila neno alilifunzwa na mzee huyu anayemlilia.

Sleary anajitolea kuwapeleka Bitzer na Tom kwa gari lake. Njiani, gizani, farasi wa sarakasi anaanza kucheza dansi na kukataa kusonga. Tom anaruka chini, anahamia kigari kingine, anakwenda zake. Bitzer anajaribu kumfuata. Mbwa wa Sleary anamwangusha. Anarudi garini na kukaa nyuma ya farasi hadi saa 12:30 asubuhi, Sleary anapomgeuza farasi kichwa.