Tohara ya Mahali Pasipofikiwa na Macho

Je, kitu huhesabika kuwa kimetohirika ilhali mwenye kukiosha anajua kwa yakini kwamba athari ya uchafu ingali imo ndani yake? Maulamaa wa Kishafii walilijibu swali hili kwa insafu kubwa: ladha ya najisi sharti iondoke, bali rangi peke yake au harufu peke yake, ikiwa imeshindikana baada ya kuoshwa, husamehewa. Msamaha huo, naomba izingatiwe, huja nyuma ya juhudi wala hauitangulii.

Kwa daktari wa meno anayetibu mzizi wa jino, swali hilo si la chuoni tu. Jino ambalo kiini chake kimekufa lina mfereji mwembamba ndani ya mzizi, na kuta za mfereji huo zimejaa matundu ambayo upana wake ni kama maikroni 1 hadi 3 tu, nayo bakteria huingia humo wakatulia mahali ambapo hakuna chuma kiwezacho kuwafuata. Kwa hiyo hutumwa dawa ya maji, na iliyo mashuhuri kupita zote ni sodiamu haipokloraiti, ile ile iliyomo katika Jiki ya kufulia, ambayo mkemia Dakin na daktari mpasuaji Carrel waliitumia kwa kadiri ya asilimia 0.5 kuoshea majeraha ya askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Watu wa Bukoba wana sababu nzito zaidi ya kuijua klorini ya dawa za namna hii, kwani tangu Machi hadi tarehe 2 Juni 2023, maradhi ya Marburg yalipowapata watu 9 na kuwafisha 6, maji yenye klorini yalikuwa miongoni mwa ngao zao.

Lakini nguvu ya dawa hii ina mpaka. Huko Uswidi, watafiti Byström na Sundqvist walionyesha mwaka 1981 kwamba kukwangua mfereji na kuusuuza kwa maji ya chumvi hupunguza bakteria sana pasipo kuwamaliza. Mwaka 1983, kwamba haipokloraiti ya asilimia 0.5 huyashinda maji ya chumvi. Na mwaka 1985, kwamba kuizidisha hadi asilimia 5 hakukuleta faida ya ziada, ila kuishirikisha na EDTA, dawa inayoyeyusha utando wa vumbi la jino, ndiko kulikoiongezea nguvu. Hata hivyo yako meno ambamo bakteria walisalia. Klorheksidini, dawa nyingine ya kusuuzia mfereji, nayo huua vema na kudumu ukutani muda mrefu, lakini haiyeyushi nyama iliyokufa. Tena haipokloraiti hujimaliza yenyewe kwa uchafu inaoukuta, hata ikawa haina budi kumiminwa upya mara kwa mara, kwa subira, huku kiti kikingojewa na mgonjwa mwingine.

Hapo ndipo ulipo mtihani wa amana. Picha ya eksirei inayopigwa siku ya kuzibwa jino huonyesha weupe wa kijazio uliofika mwisho wa mzizi, na weupe huo ni mmoja kwa mfereji uliooshwa nusu saa na kwa mfereji uliooshwa dakika mbili. Mgonjwa aliyelala kinywa wazi hana ushahidi wowote. Anayejua ni daktari na Mola wake. Imam Ghazali, alipozipanga daraja za tohara kuanzia viungo vya nje hadi siri ya moyo, aliwalaumu wanaotumia umri wao wote kusugua kinachoonekana. Mimi naona lawama hiyo inamhusu kila fundi ambaye kazi yake hufunikwa punde tu inapokamilika. Na waswasi, yaani kuosha kupita kiasi kwa shaka, pia ni dhambi ya fundi: anayeisukuma dawa kwa nguvu ikapita ncha ya mzizi huunguza nyama iliyo hai na kumletea mgonjwa uvimbe na maumivu makali.

Yupo atakayesema kwamba kung'oa, kama inavyofanyika mara nyingi vijijini kwetu, ndiyo tohara kamili, kwa kuwa uchafu huondoka pamoja na chombo chake. Siikubali hoja hiyo. Mama wa kijiji kama Kamachumu au Nshamba anayetafuna kwa upande mmoja miaka ishirini ameondolewa bakteria pamoja na haki yake. Afadhali jino lililookolewa kwa tohara pungufu, ikiwa upungufu huo umetamkwa mbele yake kwa Kiswahili au Kihaya: kwamba vijidudu vimepunguzwa, vilivyobaki vimezibiwa humo na kunyimwa chakula, na kwamba mfupa huchukua miezi mingi kujijenga upya, hivyo arudi baada ya mwaka apigwe picha nyingine, ionekane kama doa jeusi la mfupa ulioliwa kwenye ncha ya mzizi limepungua au limekua.