Chumo la Kijana katika Sarafu za Kompyuta

Mwanao akikwambia ataka kufanya kazi ya hizi sarafu za kompyuta, usimkemee, wala usikimbilie kumpa mtaji. Muulize kwanza: wataka ujuzi, au wataka utajiri wa chapuchapu?

Mwaka 2011 Vitalik Buterin, kijana wa miaka 17 huko Kanada, alisikia habari za Bitcoin kwa baba yake. Hakuwa na fedha za kuinunulia, basi akaandika makala kwa ujira wa Bitcoin 5 kila moja. Kwa kuandika alijifunza, na mwaka 2013 akabuni Ethereum. Chumo lake lilitokana na kazi.

Lakini ujuzi peke yake hautoshi. Sam Bankman-Fried wa Marekani hakupungukiwa na akili. Hata hivyo soko lake la sarafu hizo, FTX, lilianguka Novemba 2022, ikabainika kuwa fedha za wateja zilitumiwa bila idhini yao. Machi 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka 25.

Wanavyuoni wamehitilafiana: aliyekuwa Mufti wa Misri, Shawki Allam, aliiharamisha biashara ya Bitcoin mwaka 2018, na wengine wameiruhusu kwa masharti. Kijana na amuulize sheikh wake kabla ya kuanza. Ila katika amana hakuna hitilafu.

Bitcoin yenyewe ni daftari lililo mikononi mwa wengi, na wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mfunze mwanao kulijua daftari hilo, na kuchunga cha mwenziwe. Anayekesha akingojea bei ipande hajapata kazi bado. Yumo katika kamari.