Keti Kwanza, Uhesabu

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 14, Bwana wetu Yezu Kristu atoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Imempasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza, watu wakamcheka.

Nawe utakaye kuijengea jamaa yako nyumba mpya, keti kwanza pamoja na mke wako. Pimeni kwa kamba juu ya ardhi: chumba cha wazazi, cha wavulana, cha wasichana. Choo kiwe mbali na kisima, si chini ya meta 30, tena upande wa mteremko. Kisha hesabuni matofali, mbao, mabati, misumari na ujira wa fundi. Fedha ya mabati itengwe kabla ya kuinua ukuta. Maana matofali mabichi yasiyoezekwa, mvua huyarudisha kuwa tope.

Je, fedha haitoshi? Punguza sebule, usipunguze chakula cha watoto wala karo ya shule. Ezeka kwa nyasi, wala usijitie katika deni kwa kushindana na jirani. Nyumba ndogo iliyokwisha yapita kubwa isiyo na paa.

Mfano huo Yezu aliwaambia waliotaka kumfuata. Basi, kabla ya kuomba Ubatizo, ujiulize: Je, niko tayari kumsamehe adui yangu, na kumrudishia ndugu yangu mali yake? Ukiona nguvu zako hazitoshi, usikimbie, omba. Neema ya Mungu hutimiza hesabu ya mnyenyekevu.