Kompyuta Mpya, Diski ya Zamani



Kijana mwenzangu, mwaka huu nipo parokiani kwa mafunzo ya kichungaji, na mwezi uliopita nimejikuta fundi. Kompyuta ya ofisi ya vijana iliungua mazabodi baada ya umeme kukatika na kurudi. Vijana wakachanga, tukanunua kesi, mazabodi, prosesa, ramu na pawasaplai, tukaunganisha wenyewe Jumamosi moja. Ilipendeza kweli! Diski tukasema tusinunue. Ile ya zamani bado nzima, tena ina kila kitu: nyimbo za kwaya, orodha ya wanachama, picha za hija. Tukaichomeka, tukawasha.

Skrini ya bluu. Ikajizima, ikawaka, bluu tena.

Tulidhani diski imekufa, kumbe wapi! Windows iliyokuwa ndani yake ilikuwa imepangwa kwa ajili ya mazabodi ya zamani, na mpya ilikuwa inaisoma diski kwa namna nyingine. Nikaingia kwenye BIOS, nikarudisha mpangilio uliotumika zamani. Ikawaka, vigelegele vikapigwa. Lakini haikufika nusu saa, mashine ikaanza kuganda. Draiva za vifaa vilivyokwisha kufa bado zimo. Leseni haitambuliki, maana ilikuwa imefungwa na mazabodi iliyoungua. Na virusi vya flashi za miaka yote navyo vimehamia nyumba mpya. Mashine mpya, mwendo wa kobe.

Nilibaki nayo peke yangu usiku ule, na nikajiona mimi mwenyewe.

Nilipoingia seminari nilipata ratiba mpya, marafiki wapya, kanzu nyeupe. Nikasoma falsafa mpaka nikahitimu. Naweza kukueleza jinsi Aristotle anavyofundisha kwamba tabia hujengwa kwa kurudia matendo. Lakini na kaka yangu nilikuwa sijaongea tangu nilipoondoka nyumbani. Siku ile alisema mbele ya ndugu wote kwamba nakimbia majukumu, namwachia mzigo wa mama. Neno lile nilihama nalo. Kengele ya sala ikilia, naingia nalo kanisani. Nilibadilisha kesi, diski ni ileile.

Yesu anasimulia habari za pepo mchafu aliyetoka kwa mtu, akarudi akaikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akaingia na wenzake saba wabaya kuliko yeye (Mt 12:43-45). Nyumba ilikuwa safi jamani! Ila ndani hapakuwa na mwenyewe. Ndiyo maana kwa kinywa cha Ezekieli Mungu hatuahidi mavazi mapya, anatuahidi moyo mpya (Eze 36:26).

Sasa usinielewe vibaya. Hatukuitupa diski ile. Tulinakili kwanza nyimbo, orodha na picha kwenye diski ya nje, tukazikagua virusi, ndipo tukafomati na kuweka mfumo upya. Kisha tukarudisha yale tu tunayoyahitaji. Mungu naye haji kukufuta wewe. Mtume Paulo alibaki na elimu ya Torati aliyoipata kwa Gamalieli, na uraia wake wa Kirumi aliutumia (Mdo 22). Kilichoondoka ni ile hasira ya kuwatesa Wakristo. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba neema haivunji maumbile yetu, inayakamilisha.

Pengine utasema, "Frateri, mimi nimeungama mara kumi, mbona bado naanguka palepale?" Usikate tamaa. Katika Kitubio dhambi inaondolewa kweli kabisa. Lakini Katekisimu (na. 1459) inatukumbusha kwamba madhara yote ya dhambi hayatengenezeki hapohapo, ndiyo maana kuna malipizi. Hata baada ya kufomati, bado unakaa kuweka draiva moja baada ya nyingine. Hiyo haina maana kwamba kazi imeshindikana. Kazi ndiyo inaendelea.

Mimi nilianza na kuungama. Jumapili nikampigia kaka. Simu ikaita mpaka ikakata. Jioni nikapiga tena, akapokea, akakaa kimya kidogo. Nikasema, "Kaka, shikamoo. Naomba unisamehe kwa kunyamaza miaka yote hii." Kimya tena. Halafu akauliza, "Unakuja lini nyumbani?" Tuliongea dakika nne tu. Hatujamaliza, ila tumeanza.

Wiki hii jiulize mambo matatu. Umehama chuo, mji, hata marafiki: ni nini kibaya ulichohama nacho? Ni zawadi gani ya zamani Mungu anataka uitunze? Na ni nani unayepaswa kumpigia simu kabla ya Jumapili?

Tuombe: Ee Bwana, tusikuletee sura mpya tu. Ingia mpaka ndani tunapoficha, utoe kinachotuua, uhifadhi kilicho chako, ukae humo wewe mwenyewe. Amina.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri