Mwenye Macho Haambiwi Tazama?

Je, muuzaji anayenyamaza kuhusu kasoro ya bidhaa yake amedanganya? Kabla ya likizo iliyopita ningejibu bila kusita kwamba hapana. Mwongo ni yule anayetamka jambo lisilo kweli, na aliyenyamaza hakutamka lolote. Jibu hilo lilinishinda nikiwa nimechuchumaa uani kwetu Busia, upande wa Uganda, mikono imejaa grisi.

Marehemu baba alituachia pikipiki ya zamani ya Honda CG125, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976. Mama alikubali iuzwe ili nilipe karo. Usukani ulikuwa unacheza na shokapu za mbele zilivuja, kwa hiyo niliamua kuitengeneza mwenyewe. Niliegemeza injini juu ya kreti la soda, nikatoa gurudumu la mbele na kufungua shingo ya usukani. Gololi zilizochakaa zikamwagika mchangani. Nilitia mpya na grisi, kisha nikachomoa shokapu. Ndani ya kila moja mna bomba la chuma, springi na mafuta, pamoja na sili ya mpira inayozuia mafuta yasitoke. Kubadilisha sili hakukunisumbua.

Shida ilikuwa kwenye mabomba. Nililaza la kushoto juu ya kioo cha dirisha na kulibingirisha, likaenda sawasawa. La kulia liliyumba. Miaka mingi iliyopita baba aligonga ng'ombe, na bomba hilo likapinda na kunyooshwa. Nilipolipangusa kwa mafuta ya taa, niliona ufa mwembamba kama unywele, mahali panapofunikwa na kishikio cha chini cha usukani. Nikilirudisha, hakuna jicho litakalouona. Bomba jingine sikulipata mjini, na siku ya mwisho ya kulipa karo ilikuwa karibu. Nikalirudisha, nikijiambia kwamba nitaamua baadaye.

Jioni alikuja kijana wa mtaani aliyetaka kuanza kazi ya bodaboda. Alitikisa usukani, akaukandamiza mara tatu, akainama kutazama kama mafuta yanavuja. "Kaka, mbele iko imara," akasema, akaanza kuhesabu pesa.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mnunuzi ana macho yake na hakulazimishwa kununua. Hoja hii ni ya kale. Cicero, katika kitabu chake cha De Officiis cha mwaka 44 K.K., anasimulia mabishano ya wanafalsafa wawili wa Stoa kuhusu mtu anayeuza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye tu. Diogenes wa Babylon alimtetea muuzaji: kutosema si sawa na kudanganya. Mwanafunzi wake Antipater alikataa, akifananisha jambo hilo na kumwacha mtu aliyepotea aendelee kupotea. Cicero alimuunga mkono Antipater.

Naona Diogenes ana sehemu ya ukweli. Kama muuzaji angelazimika kutaja kila mkwaruzo, soko lisingekuwapo. Sikumwambia kijana yule kwamba kiti kimechanika, kwa sababu alikiona. Lakini methali yenyewe inamhusu mwenye kitu cha kutazama. Macho hayapenyi chuma.

Tena, je, nilikuwa nimenyamaza kweli? Sili mpya na usukani uliokazwa vilikuwa vimekwisha kumwambia kwamba sehemu ya mbele ni salama. Mikono yangu ilikuwa imesema kabla ya ulimi wangu, na ilisema uongo. Ndipo nilipoona kosa la jibu langu la mwanzo: nilidhani uongo hukaa katika maneno peke yake.

Kulikuwa pia na mtu wa tatu ambaye Diogenes hakumhesabu, naye ni abiria. Kijana yule angeweza kubishana nami bei na kukagua pikipiki. Mama atakayepakia nyuma yake akiwa na mtoto mgongoni hana nafasi hiyo. Siku bomba litakapokatika kwenye mteremko, yeye ndiye atakayelipia karo yangu.

Nilimshika mkono, nikamwambia habari za ufa. Alininyamazia kwa muda, kisha akauliza, "Mbona uliifunga kwanza?" Sikuwa na jibu. Akarudisha pesa mfukoni, akaenda zake.

Wanasema kizuri chajiuza. Ukweli wangu haukujiuza. Nililipa karo kwa kuchelewa, pamoja na faini, na pikipiki iliuzwa wiki kadhaa baadaye, nilipopata bomba zima kutoka kwenye pikipiki chakavu. Sidai kwamba uaminifu una faida. Ninachodai ni kwamba anayeificha kasoro ambayo mwenzake hawezi kuiona amedanganya, hata kama hakufungua kinywa. Swali la kijana yule bado ninalo, kwa sababu nilipokuwa naikaza nati ya mwisho nilijua ninachokifunika.